Wasomaji Wauliza: Bata Bukini wa Nyumbani Alitoka Wapi?

Barua za wafugaji wa bata bukini zimetujia kutoka pande zote za Nairobi, na karibu zote zinaishia kwenye jambo moja: bukini anafugwa kana kwamba ni kuku aliyezidi ukubwa. Sivyo. Ni ndege wa malisho aliyetoka nchi za baridi, na tabia za mwituni hazijamtoka. Ndiyo maana safari hii tumeanza na asili yake, kisha tukaingia bandani.

Hamjambo wahariri? Nafuga bukini weupe hapa Ruai. Jirani yangu, mzee tunayemheshimu sana, anashikilia kwamba hawa ni wale ndege wa Ziwa Naivasha, walikamatwa zamani wakafugwa mpaka wakawa weupe. Mke wangu anasema waliletwa na wazungu. Tuamulieni. — Baba wa watatu, Ruai

Hatujambo, Baba. Mkeo ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa habari yenyewe ni ya zamani kuliko meli za wazungu.

Bukini wote wa nyumbani duniani wametokana na ndege wawili wa mwituni, na makao ya wote wawili yako mbali na Kenya. Wa kwanza ni bukini wa kijivu, Anser anser, anayezaliana Ulaya na kuendelea hadi katikati ya Asia. Huyo ndiye babu wa Embden wa Ujerumani, Toulouse wa Ufaransa na wengi wa bukini weupe wanaouzwa hapa. Wa pili ni bukini wa mashariki, Anser cygnoides, mwenye shingo ndefu na mdomo mrefu mweusi. Anazaliana Mongolia, kaskazini mwa China na kusini-mashariki mwa Urusi, na uzao wake wa kufugwa ni bukini wa China wenye nundu juu ya mdomo. Watu wa magharibi walimfuga wa kwao na watu wa mashariki wakamfuga wa kwao. Siku hizi uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba koo hizo mbili zimechanganyika sana, hata katika bukini wa Ulaya.

Ushahidi mkongwe zaidi tunaoujua unatoka China. Katika kijiji cha kale cha Tianluoshan, mkoa wa Zhejiang, wachimbuzi walikuta mifupa ya bukini katika makazi ya wakulima wa mpunga wa miaka 7,000 hivi iliyopita. Matokeo ya uchunguzi yalichapishwa mwaka 2022. Baadhi ya mifupa ilikuwa ya vifaranga wasiofikisha wiki 16, umri ambao bukini hawezi safari ndefu ya angani, na bukini wa mwituni hawazaliani pande hizo, hufika wakati wa baridi tu. Basi vifaranga hao walizaliwa hapo hapo kijijini. Kama tarehe hiyo itasimama, bukini atakuwa ametangulia hata kuku kufugwa.

Misri ina picha nyingi, lakini picha zinahitaji uangalifu. Kwenye kaburi moja la Meidum kuna mchoro maarufu wa bukini wa takriban mwaka 2600 K.K., na makaburi ya Saqqara yaliyofuata yanaonyesha watumishi wakiwalisha bukini kwa nguvu ili wanenepe. Wengi huishia hapo na kusema Wamisri walishawafuga. Ila katika picha hizo hizo korongo nao wanalishwa kwa nguvu, na korongo hakuwahi kuwa ndege wa nyumbani popote. Kumnasa ndege, kumfungia na kumnenepesha si kumfuga. Kufuga ni pale anapozaa mikononi mwako kizazi baada ya kizazi, na wewe ndiwe unayechagua nani azae. Kwa Misri, wataalamu wengi wanaona jambo hilo limekamilika wakati wa Ufalme Mpya, miaka elfu moja na zaidi baada ya picha za Meidum. Roma nayo ilikuwa na bukini wa hekaluni ambao, kwa mapokeo ya Warumi wenyewe, walipiga kelele usiku na kuwaamsha walinzi wakati maadui wao, Wagali, walipokuwa wakipanda kilima cha Capitolium mwaka 390 K.K.

Kwa nini bukini, na si ndege wengine wa majini waliojaa kwenye mito ile ile? Tabia zake zenyewe zilimfungulia mwanadamu mlango. Anakula majani, kwa hiyo hagombei nafaka na mwenye nyumba. Anataga chini, kiota kinafikika. Kifaranga chake humfuata kiumbe wa kwanza mkubwa anayemwona akisogea. Na kuna hili ambalo watu hulisahau: mara moja kwa mwaka bukini hupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa mpigo, akakaa mwezi mzima hivi bila kuweza kuruka. Wakati huo watu wachache wenye fimbo wanaweza kuswaga kundi zima hadi zizini.

Baada ya hapo ni kazi ya uteuzi. Bukini wa kijivu wa mwituni ana kilo 3 hadi 4. Embden dume aliyeshiba hupita kilo 9. Mafuta yakahamia tumboni na nyuma, mwili ukawa mzito kuliko mabawa, na ndege aliyekuwa akivuka nchi nzima sasa anapaa hatua chache tu, tena kukiwa na upepo. Jike wa mwituni hutaga mayai 4 hadi 6 kwa mwaka akayaatamia. Bukini wa China wa ukoo mzuri hupita 50, mradi mayai yanaondolewa kiotani. Weupe nao ni uteuzi: kifaranga mweupe anayezuka mwituni huonekana haraka na maadui, lakini kwa mfugaji manyoya meupe yalikuwa na soko. Kwa hiyo mzee hakukosea kabisa. Bukini wako ni kweli walianza na rangi nyingine wakawa weupe, ila si kwetu na si kutoka kwa ndege wa Naivasha.

Niliuziwa jozi ya "bukini wa Kiafrika" na nikaambiwa ni wa asili ya huku, kwa hiyo hawaugui. Wana nundu nyeusi na ngozi inayoning'inia chini ya kidevu. Ni kweli? — Msomaji, Utawala

Jina ni hilo kweli, asili sivyo. Bukini wa Kiafrika ni uzao wa yule bukini wa mashariki, nyumbani kwake ni China. Magonjwa anapata kama wenzake, na aliyekuuzia kwa hoja hiyo alikupotosha.

Ukitaka kujua bukini yeyote ametoka upande gani, usianze na rangi. Tazama shingo. Manyoya ya shingo ya bukini wa Ulaya yamejipanga kwa mifereji iliyosimama, unaiona hata ukiwa mbali kidogo. Ya bukini wa mashariki ni laini. Kisha tazama paji: nundu ni alama ya mashariki, na kwa dume huwa kubwa zaidi, huonekana wazi akifikisha miezi 6 hadi 8. Mstari wa kahawia unaoshuka kisogoni hadi mgongoni ni wa mashariki pia. Ngozi ya kuning'inia chini ya kidevu pamoja na nundu ndiyo sura ya "Mwafrika" wako. Mwenye nundu bila ngozi hiyo, mwembamba, anayesimama wima, ni bukini wa China. Toulouse mkubwa ana ngozi ya kidevuni lakini hana nundu. Ukikuta kinundu kidogo na mifereji hafifu shingoni, huyo ni chotara. Koo hizi mbili huzaliana bila tabu na watoto wao huzaa.

Tofauti hii ina faida mfukoni. Wa China ni mwepesi, kilo 4 hadi 5, hutaga sana, na sauti yake kali inamfaa mwenye kutaka mlinzi wa boma. Dume wake mmoja anaweza majike 4 hadi 6. Koo nzito, akiwamo "Mwafrika", ni za nyama, na dume mmoja anatoshana na majike 2 au 3. Usimweke dume mzito kwa majike wembamba wa China kwenye kiwanja kikavu, atawaumiza migongo. Wape beseni au kidimbwi chenye kina cha nusu mita wapandane majini, maana maji hupunguza uzito. Maji yabadilishwe mara kwa mara, kwa sababu yaliyooza huzalisha sumu inayolegeza shingo na kuua ndege kwa siku moja au mbili.

Kuna ndege kama bata bukini karibu na bwawa tunapoishi, wa rangi ya udongo, wana doa jeusi machoni. Naweza kuchukua mayai yao nikayatotoleshea kuku? — Kijana wa Lang'ata

Usifanye hivyo. Hao ni bukini wa Misri, wakazi wa mabwawa ya Hifadhi ya Nairobi na maziwa ya Bonde la Ufa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda wao na mayai yao, na kuwaweka nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa.

Hata sheria ikiwekwa kando, ni ndege wa ukoo mwingine. Jina wameitwa bukini, lakini hawamo katika jamii ya Anser. Ndiyo maana unawaona juu ya miti na wakitaga kwenye mashimo ya miti au viota vya ndege wengine, mambo ambayo bukini wa kweli hana. Wamisri wa kale waliwaweka karibu na nyumba, ila hawakuwahi kuwa mifugo ya dunia, na sababu mojawapo ni ukali: jozi moja ikianza kuzaa hufukuza kila kitu kilicho karibu. Ukiwa na bukini wa nyumbani wanaochunga pembeni mwa bwawa hilo, tunakusihi uwaondoe. Virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vinavyosumbua dunia leo vilitambuliwa kwanza kwa bukini wa kufugwa katika mkoa wa Guangdong, China, mwaka 1996, na maji wanayochangia ndege wa mwituni na wa nyumbani ni njia rahisi ya virusi kuvuka.

Jike wangu alitaga mayai mazuri, nikayaweka 9 chini ya kuku wa kienyeji. Yalitotoa 2 tu. Mengine nilipopasua nikakuta vifaranga wamekamilika, wamekauka wakagandamana na utando. Kosa liko wapi? — Mama Bahati, Dagoretti

Pole, Mama. Umefanya vyema kuyapasua, kwa sababu hilo ulilolikuta ndilo jibu. Kifaranga aliyekamilika, aliyekauka na kushikamana na utando, amekosa unyevu. Angekuwa amevimba, ana majimaji mengi, na nafasi ya hewa ndani ya yai ni ndogo, tungesema unyevu ulizidi.

Jike wa bukini huatamia karibu na maji, huoga, hurudi kiotani na manyoya yenye maji, akafunika mayai kwa manyoya ya kifua. Yai lake limezoea hivyo. Kuku wako hukaa mkavu mwezi mzima. Tena Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa hewa nyembamba maji hutoka haraka zaidi kupitia ganda. Juu ya yote, mayai 9 ni mengi mno. Yai la bukini lina gramu 150 hivi, zaidi ya maradufu ya yai la kuku, na kuku hawezi kuligeuza vizuri kwa mguu wake. Mpe 4, wakipita sana 5.

Safari ijayo fanya hivi. Okota mayai kila siku na uyaweke chumbani penye baridi ya nyuzi 13 hadi 16, si kwenye friji, na yasikae zaidi ya siku 7. Yageuze mara moja kwa siku. Yenye uchafu kidogo yafute kwa kitambaa kikavu. Maji baridi huvuta vijidudu ndani ya ganda. Chora alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili ujue kama yamegeuka.

Chagua kuku aliyeanza kuatamia juzi juzi. Yeye silika yake ni siku 21 na yai la bukini linataka siku 28 hadi 32, kwa hiyo aliyekwisha kaa wiki mbili atakuachia mayai njiani. Ukiwa na jike wa wale bata wakubwa wenye uso mwekundu, mtumie huyo, maana mayai yake mwenyewe huchukua siku 35 na mwili wake ni mpana. Kuku akitoka kula, geuza mayai mwenyewe, asubuhi na jioni. Siku ya 8 hadi ya 10 yamulike kwa tochi gizani: yenye mishipa kama buibui yanaendelea, yaliyo angavu toa. Kuanzia hapo, kila siku yanyunyizie maji ya uvuguvugu na uyaache yapoe kama dakika 10 hadi 15 kabla kuku hajarudi.

Kipimo cha uhakika ni mizani ya jikoni. Yai linapaswa kupoteza asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake kabla ya kuvunjwa. Lililoanza na gramu 160 liwe na gramu 150 hivi wiki mbili zikiisha, na karibu 139 siku ya 28. Likipungua kwa kasi kuliko hivyo, ongeza maji. Wenye mashine ya kutotoa yenye feni waweke joto la nyuzi 37.5 na unyevu wa asilimia 55, wasimamishe kugeuza siku ya 27 na kupandisha unyevu hadi 75. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kuchukua siku moja hadi mbili kutoka. Usimvute. Damu bado iko kwenye utando, na ukiupasua mapema anavuja.

Kifaranga wetu alitotoka peke yake, watoto wakamlea ndani ya nyumba. Sasa ni dume la mwaka mmoja, hataki majike, anawafuata watoto na kuwauma wageni. Pia mguu na bawa moja vimepinda. Afanyweje? — Mama Kevo, Kasarani

Mama, tabia hiyo ni ile ile iliyomfanya bukini akubali kufugwa zamani. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwachunguza bukini wa kijivu akaonyesha kwamba kifaranga hujiandikia mzazi wake katika saa za kwanza za uhai. Wa kwenu alijiandikia watoto wa nyumba, na alipopevuka akawaona ndio jamaa zake. Kumgeuza sasa ni vigumu. Mtenge na watu kwa kizuizi, mweke na majike wawili waliopevuka pale asipowaona watoto, na umpe msimu mzima. Bukini hushikamana na mwenzi polepole, ila akishashikamana ni kwa miaka. Asipobadilika, mweke awe mlinzi na ununue dume mwingine. Wakati mwingine lea vifaranga wawili au zaidi pamoja, au uwakabidhi kwa bukini mzima.

Bawa na mguu ni suala la chakula. Kifaranga wa bukini ameumbwa kula nyasi changa. Akipewa chakula chenye protini nyingi tu, manyoya ya bawa hukua haraka kuliko kiungo kinavyoweza kuyabeba, likapinduka nje. Kwa kifaranga, bawa hilo linakunjwa mahali pake, linafungwa kwa bandeji laini siku 3 hadi 5, na chakula kinapunguzwa. Kwa dume lenu limeshakomaa, halirudi, ila halimuumi.

Mguu uliopinda mara nyingi ni upungufu wa niasini, vitamini ambayo chakula cha vifaranga wa kuku hakina ya kutosha kwa bukini. Vifaranga wajao wapeni, katika wiki 3 za kwanza, chakula chenye protini asilimia 20 hadi 22, mkichanganya kikombe 1 na nusu cha chachu kavu ya pombe katika kilo 5. Joto lianze nyuzi 32 hadi 35, mpunguze nyuzi 3 kila wiki. Chombo cha maji kiwe na kina cha kuzamisha pua, si cha kuogelea. Baada ya wiki ya 3 shusheni protini hadi 15 na muwatoe kwenye nyasi. Nyasi ya kikuyu ni nzuri mno ikiwa fupi, vidole viwili hivi. Ndefu na ngumu hukwama kwenye gole, basi changarawe ndogo isikosekane. Wazuieni wasile majani ya parachichi, ni sumu kwa ndege, na msiwaachie uwanja uliopuliziwa dawa ya magugu au wadudu.